Ndinga ya kasi kwa bajeti ya ndondo: Ipime kama klabu inavyompima straika

KIGOMA. Ikipita Subaru yenye ekzosi ya kunguruma kwenye lami ya Simbo, mazoezi ya jioni husimama kwa sekunde kadhaa. Kipa anageuka, winga anasahau mpira, na yule anayejua magari anataja jina la ndinga kabla haijaonekana, kwa kusikia mlio tu.

Kijana wa ndondo anayewaza kutia wino mkataba wake wa kwanza, kitu cha pili anachowaza baada ya jezi ni gari. Na siku hizi ndoto hiyo imesogea karibu. Mashujaa FC ilipanda Ligi Kuu na kuanza kukipiga huko msimu wa 2023/24, ikiutumia Uwanja wa Lake Tanganyika, ule ule ambao Julai 25, 2021 Simba iliifunga Yanga 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kwa kichwa cha Taddeo Lwanga. Mastaa waliokuwa wa kwenye runinga sasa wanashuka Kigoma, na vijana wa Simbo wanayaona maisha yao kwa macho.

Swali ni hili: mwenye mkwanja wa kawaida, awe amepata ada ndogo ya usajili au msimu mzuri wa mawese na dagaa, anaweza kumiliki gari lenye nguvu kweli bila kufilisika?

Anaweza. Ila ajue kwamba bei anayotajiwa na dalali ni ada ya usajili tu. Mshahara wa gari unaanza kesho yake, na tofauti na mchezaji, gari halikubali kucheleweshewa. Siku usipolilipa, linagoma.

KWA NINI WENGI WANAKIMBILIA MKONONI

Wengi huanza kwa kuperuzi magari ya Japan kwenye simu. Bei ya kule inavutia, hadi ifike hesabu ya kodi. Kwa gari dogo lililozidi miaka 10 na lenye injini ya zaidi ya cc 2,000, kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, ushuru wa uchakavu asilimia 30, kisha VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya jumla hiyo yote. Gari ambalo TRA imelithamini kwa Sh10 milioni linaweza kudaiwa zaidi ya Sh10 milioni nyingine. Na thamani inayotumika ni ya TRA, si lazima ile uliyomlipa muuzaji wa Japan.

Injini isiyozidi cc 2,000 ina nafuu kidogo, kwa kuwa ushuru wake wa bidhaa ni asilimia 5. Bado kuna safari ya kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200, ikiwa na mafuta na posho ya dereva.

Ndiyo maana mwenye bajeti ndogo huishia kwenye gari la mkononi, ambalo kodi yake alishalipa mwingine. Hapo anaokoa fedha nyingi, lakini anarithi pia madhambi yote ya aliyemtangulia. Tena asidanganyike na namba. Namba D au E inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haionyeshi lilitengenezwa lini. Ndinga ya mwaka 2001 inaweza kuvaa namba ambayo mtaani inaonekana mpya.

JINA MOJA, INJINI TOFAUTI

Hapa ndipo wengi wanapigwa. Chukua Toyota Altezza, gari lililotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005. Kwa nje zinafanana kama mapacha. RS200 ina injini ya 3S-GE yenye farasi 210 kwa gia za mkono, sita kwa idadi. AS200 ina injini ya 1G-FE ya silinda sita yenye farasi 160. Muuzaji anaweza kubandika nembo ya RS kwa elfu chache, ila namba ya chasisi haidanganyi: RS huanza na SXE10, AS huanza na GXE10. Anayelipa bei ya RS akaondoka na AS amenunua straika akaletewa beki.

Mark II ina mtego ule ule. Mtaani zote zinaitwa "GX 110", lakini GX110 halisi ina injini ya cc 2,000 yenye farasi 160. Zile za injini ya 1JZ ni JZX110, na yenye turbo inafika farasi 280. Mark X ya kwanza, iliyotoka 2004, ina injini ya cc 2,500 yenye farasi 215, au ya cc 3,000 yenye farasi 256. Hiyo ni nguvu ya kutosha kwa mtu yeyote asiye na rekodi ya kuvunja.

Kisha kuna Subaru. Sifa yake haikutoka hewani. Colin McRae alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 1995 akiwa na Impreza, na mwaka 1997 akashinda Safari Rally Kenya kwa gari hilo hilo. Impreza WRX ya miaka ya 2000 ina farasi 250 kutoka injini ya cc 2,000 yenye turbo. Ndugu yake Forester turbo ina farasi 220, lakini imenyanyuka juu na ina nafasi ya familia na mizigo.

VIPIMO VYA AFYA

Klabu makini haimtambulishi mchezaji kabla daktari hajampima goti. Kwa gari, daktari ni fundi wako, si fundi wa muuzaji. Mlipe mwenyewe na uende naye.

Nenda asubuhi na uliambie gari lisiwashwe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna aliyewahi kuliamsha ili ufiche usione linavyowaka likiwa baridi. Washa, mtu akae nyuma aangalie moshi. Wa bluu ni oili inaungua, na kwa gari la turbo huenda turbo yenyewe imekwisha. Mweupe mzito usiokatika baada ya injini kupata joto ni maji yanaingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando kama maziwa ya mgando, maji na oili vimeshakutana, funga boneti uage kwa adabu.

Sikiliza. Injini ya Subaru inayogonga chini haihitaji kurekebishwa kidogo, inahitaji kufunguliwa yote au kubadilishwa. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kwa injini za Subaru za kizazi hicho unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika njiani unaweza kuondoka na vali. Asiye na jibu, chukulia haujabadilishwa na ukate gharama yake kwenye bei.

Ukifungua swichi kabla ya kuwasha, taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikianza kufanya kazi. Isipowaka kabisa, kuna mjanja ameizima ili ugonjwa usionekane. Ndipo kompyuta ya kupimia inapohitajika, pamoja na kipimo cha kompresheni. Silinda moja ikiwa dhaifu kuliko wenzake, hiyo ni timu inayocheza pungufu.

Chunguza boliti za boneti na milango. Zikiwa na alama za spana, gari limewahi kufunguliwa, pengine baada ya ajali. Kama lilitoka Japan kwa mnada, omba karatasi ya mnada. Alama ya R inamaanisha lilishagongwa na kutengenezwa. Na kama lilishachezewa, turbo kubwa, ekzosi ya kelele, springi zilizokatwa, jua aliyelichezea hakufanya hivyo ili aendeshe polepole.

Mwisho ni karatasi. Namba ya chasisi ilingane na kadi. Angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari. Muuzaji akikwambia kadi halisi "iko kwa jamaa", uliza jamaa huyo ni nani, maana magari mengi yamewekwa dhamana ya mkopo. Malipo yafanyike kwa mkataba wa maandishi, na umiliki uhamishwe TRA mara moja. Kununua kwa kuaminiana kumeacha wengi wakizunguka na gari lenye jina la mtu asiyepatikana tena.

THELUTHI MOJA IBAKI BENCHI

Tuseme beki wa kushoto wa Simbo amepata Sh15 milioni. Kosa la kwanza ni kutafuta gari la Sh15 milioni. Atafute la Sh10 milioni, na Sh5 milioni zibaki. Sehemu yake itaishia kwenye uhamisho wa umiliki, bima na matengenezo ya kwanza, yaani mkanda, oili, plagi, brekipedi na matairi. Inayobaki haiguswi. Hiyo ni benchi, na ligi haichezwi na wachezaji 11 tu.

Kila mwezi kuna wese. Gari la turbo likikanyagwa linaweza kushuka hadi kilomita 7 kwa lita, na EWURA inapotangaza bei kikomo, Kigoma kwa umbali wake huwa juu ya Dar es Salaam. Oili ya turbo isipitishwe zaidi ya kilomita 5,000. Tena gari likitoka mwendo mkali lisizimwe papo hapo, liachwe liungurume dakika moja au mbili ili turbo ipoe.

Kuna hesabu nyingine ambayo dalali hawezi kuipiga. Mkataba wa msimu mmoja unakwisha. Goti linaweza kupata shida. Mshahara unaweza kuchelewa miezi miwili. Fedha hiyo ya usajili ingeweza kuwa nyumba ya bati kwa mama, mashine ya kukamua mawese au mtumbwi wenye injini, vitu vinavyoingiza. Gari la kasi linatoa tu. Likiuzwa kwa shida, mnunuzi anaiona shida hiyo usoni kwako na bei anaitaja yeye.

Kwa hiyo kipimo cha kweli cha bajeti si fedha uliyonayo siku ya kununua. Ni kama utaweza kulihudumia gari hilo katika mwezi ambao mshahara haujaingia.

SIMBO SI UWANJA WA MBIO

Barabara nayo ina kura yake. Lami inakupeleka vizuri hadi Kigoma mjini. Ukishika njia ya Ilagala na Kalya, nje ya lami, Altezza iliyoshushwa itaacha bampa kwenye shimo la kwanza la masika, na shokapu zitalia kabla ya msimu kuisha. Vijijini kibao kinasema 50, na tochi ya trafiki haijali una farasi 160 au 280.

Kwa mtu wa Simbo, GX 110 ya cc 2,000 iliyotunzwa ndiyo usajili salama: fundi wengi wanaijua na spea zake si za kutafuta kwa tochi. Anayetaka turbo kwa moyo wote, Forester inamfaa kuliko WRX, mradi benchi lake la fedha liwe nene zaidi.

Na matairi yasinunuliwe ya mtumba, hata kama kila kitu kingine ni cha mtumba. Julai 3, 2025, Diogo Jota wa Liverpool na mdogo wake André Silva walifariki kwenye barabara ya Zamora, Hispania, wakiwa kwenye Lamborghini. Polisi walieleza kuwa tairi lilipasuka wakati wakilipita gari jingine. Hapa nyumbani, Mei 17, 2012 Simba ilimpoteza kiungo wake Patrick Mafisango kwa ajali ya gari Dar es Salaam. Kipaji hakimlindi mtu barabarani.

Anayeogopa kuchekwa kwa kuendesha gari la kawaida amtazame N'Golo Kanté. Alibeba ubingwa wa England na Leicester City mwaka 2016, akaurudia na Chelsea mwaka 2017, na bado alikuwa akifika mazoezini na kigari chake cha Mini huku maegesho yakiwa yamejaa magari ya kifahari. Hakuna beki aliyepata nafuu uwanjani kwa sababu ya gari la Kanté.

Ndinga kali kwa fedha ndogo inawezekana, na wapo wanaozifaidi kwa miaka. Wengi wao walikataa magari matatu au manne kabla ya kulikubali moja, wakaenda na fundi wao asubuhi gari likiwa baridi, na siku waliyolipa, mfukoni bado kulikuwa na fedha ya mkanda.