Usukani Ukicheza, Usingoje Ajali
Peugeot 504, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1968, lingalipo barabarani. Likizeeka, huvuta upande na usukani hucheza. Likaguliwe hivi: inua mbele kwa jeki, kisha liegemee stendi imara, jeki peke yake haitoshi. Shika tairi kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza, tazama tairodi. Shika juu na chini. Likicheza, tazama beringi na boljointi. Kilicholika kibadilishwe; grisi haikiponyi. Springi ya mbele imebanwa kwa nguvu nyingi: bila kibanio chake, isifunguliwe. Mwisho, mwelekeo wa magurudumu upimwe. Dereva akikataa kuendesha gari bovu, tumuunge mkono: roho zinazobebwa humo ni zetu.