Krimu nyepesi na uso wa mtu wa Faza

Hewa ya Faza ina unyevu karibu mwaka mzima. Chumvi huganda kikoponi, biskuti hulainika kabla pakiti haijaisha, na nguo iliyofuliwa alasiri hulala kambani ikaamka mbichi. Mtu angedhani uso wa mkazi wa hapa hauna haja ya kupakwa chochote. Hata hivyo nyuso zilizopauka zipo, tena nyingi, hasa kaskazi inapokolea kati ya Desemba na Machi, mvua ikiwa haba na jua likichoma tangu saa tatu asubuhi. Ndiyo maana krimu za uso zinazojiita nyepesi, zinazoletwa na mashua kutoka Lamu pamoja na unga na sabuni, hazikai sana rafuni. Bi mmoja aliigeuzageuza chupa yake mbele yangu akaniuliza, “Mwanangu, hii ni dawa ya ngozi au ni maji ya marashi?”

Si maji ya marashi, Bi. Inafaa, ila kwa sababu tofauti na ile iliyochapwa kwenye chupa.

Maelezo ya chupani yaliandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Kule majira ya baridi hewa ni kavu, na ndani ya nyumba mashine za joto huzidi kuikausha, kwa hiyo ngozi hunyonywa maji usiku na mchana. Hapa Faza hewa haina hatia hiyo. Kinachotuharibu uso ni maji tunayonawia, sabuni, chumvi ya bahari na jua, na ukishalijua hilo utachagua krimu kwa namna nyingine kabisa.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba mno. Usoni unene wake ni kama sehemu moja ya hamsini ya milimita. Lina seli zilizokwisha kufa, zimepangwa kwa safu, na katikati yake mna mafuta maalumu yanayozishikanisha. Mtaalamu wa ngozi wa Marekani, Peter Elias, alilifananisha na ukuta wa matofali. Sisi tungesema ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ikimomonyoka, maji ya mwilini hupenya yakatoka nje. Na ndani ya mawe yenyewe mna viambato vinavyoshika maji, kama vile urea na asidi za amino, ambavyo vina udhaifu mmoja: huyeyuka majini. Kila unaponawa, kiasi fulani huondoka.

Sasa tazama tunanawia nini na mara ngapi. Kisiwa cha Pate, ilipo Faza, hakina mto. Tuna visima, vingi vikiwa na maji ya chumvichumvi, na tuna majabia ya kukingia mvua. Maji yanayopita kwenye mwamba wa matumbawe hubeba kalsiamu nyingi. Yakikutana na sabuni hufanya ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni, na utando huohuo hubaki usoni hata ukijisuuza vizuri. Sabuni ya mche nayo ina pH ya 9 hadi 10, ilhali uso wenye afya hukaa karibu na 5. Uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wa shule za msingi katika eneo la Nottingham, Uingereza, uliochapishwa 1998, ulikuta ukurutu ukiwa mwingi zaidi kwa watoto wanaoishi kwenye maji magumu kuliko wenzao wa maji laini. Nottingham haina bahari wala kisima cha chumvi, lakini kalsiamu ni ileile.

Juu ya hayo kuna udhu. Swala tano, uso mara tatu kwa kila udhu, ni mikono kumi na mitano ya maji kwa siku kwa mtu anayetawadha upya kila mara. Sisemi maji ya udhu yanadhuru. Nasema anayetumia sabuni usoni asubuhi, akatoka baharini na chumvi imemkaukia mashavuni, kisha akapaka sabuni tena jioni kabla ya magharibi, amelibomoa tabaka lile kuliko linavyoweza kujijenga. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa ya krimu, punguza sabuni ya uso iwe mara moja kwa siku, usiku. Chumvi ya bahari isuuze kwa maji matamu mara tu ufikapo nyumbani. Na kama jabia ina maji, tenga kidogo kwa ajili ya uso. Wako watakaofanya hivyo tu na uso ukatulia. Vijana wenye ngozi ya mafuta ndio hasa ninaowakusudia, maana wao hununua krimu kwa kuwa rafiki amenunua.

Krimu nyepesi ni nini, basi? Sehemu yake kubwa ni maji. Ndani ya maji hayo mmetawanywa matone madogo ya mafuta, na mara nyingi mmetiwa silikoni laini iitwayo dimethikoni, inayoacha utando mwembamba usionata. Ule ubaridi unaousikia ukijipaka ni maji yanayokauka tu. Haponi mtu kwa ubaridi. Kinachofanya kazi baada ya hapo ni glisarini, ambayo huvuta maji na kuyashika. Glisarini ni ya kale: mfamasia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliigundua 1779 alipokuwa akichemsha mafuta ya zeituni na oksidi ya risasi. Bei yake ni ndogo, na kwenye hewa kama yetu hufanya kazi vizuri ajabu, kwa sababu unyevu wa kuvuta upo. Lakini usiipake peke yake kutoka kwenye kichupa cha dukani. Hunata, na kwenye jasho hunata zaidi.

Asidi ya hayaluroniki, inayotangazwa kwa herufi kubwa siku hizi, ni jamaa wa kundi hilohilo la vivuta maji. Karl Meyer na John Palmer waliitoa kwenye jicho la ng'ombe 1934. Molekuli yake ya kawaida ni kubwa mno kupenya ndani, hivyo hukaa juu na kulainisha. Si mbaya, ila sioni sababu ya kuilipia mara tatu ya bei ya krimu yenye glisarini. Niasinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, hiyo naipenda zaidi: husaidia ngozi kutengeneza mafuta yake yenyewe na hupunguza madoa yanayobaki baada ya chunusi, jambo linalotusumbua sana sisi wenye ngozi nyeusi. Soma orodha ya viambato. Huandikwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, kwa hiyo glisarini ikiwa karibu na mwanzo ni dalili njema, na manukato yakiwa karibu na mwanzo, rudisha chupa rafuni.

Wengi huuliza kwa nini wasiendelee na mafuta ya nyumbani. Wanaweza, kwa kuchagua. Mafuta ya nazi karibu nusu yake ni asidi ya lauriki. Utafiti wa Ufilipino wa 2004 ulionyesha kwamba yanailainisha vyema ngozi kavu ya miguu, nami sina ugomvi nayo miguuni wala nyweleni. Usoni, kwa mwenye mwelekeo wa chunusi, huziba vinyweleo. Mafuta ya simsim ni habari nyingine. Zamani simsim ilikuwa zao kubwa la bara linalotukabili, na vinu vya kuikamua katika visiwa hivi vilizungushwa na ngamia aliyefunikwa macho. Takriban asilimia 40 ya mafuta hayo ni asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huihitaji kwa ile chokaa yake na mwili hauwezi kuitengeneza. Kati ya nazi na simsim, kwa uso, mimi ni wa simsim: matone mawili juu ya ngozi iliyo na maji bado. Liwa ni pambo na harufu, na Mungu ailinde, lakini ikikaukia usoni huondoka na unyevu.

Mafuta ya mgando yana historia yake. Robert Chesebrough wa New York aliyapatia hataza 1872, akiyatoa kwenye masalia mazito ya visima vya petroli. Hakuna kinachozuia maji kutoka kwenye ngozi kuliko hayo. Kwa visigino, midomo, na viganja vya mvuvi vilivyochanika kwa kamba na chumvi, sijaona mbadala. Usoni, saa sita mchana, ukiwa umevaa ninja au umekaa mashuani, jasho hukosa njia, harara hutoka na vumbi hunata. Hapo ndipo wepesi wa krimu unapokuwa na maana: unapata kishika maji na mafuta kidogo bila blanketi juu yake. (Nimeulizwa pia kama krimu inazuia maji ya udhu. Hukumu namwachia ustadhi. Upande wangu ni kueleza tu kwamba krimu ya maji ikishakauka haibaki tabaka zito juu ya ngozi kama mgando uliopakwa kwa wingi.)

Namna ya kuijaribu ni rahisi na haina gharama. Kwanza paka kidogo kwenye mkunjo wa kiwiko, asubuhi na jioni, wiki moja hivi. Ikiwasha, ikivimba au ikitoa vipele, imeshajibu. Ikikubali, ipeleke usoni upande mmoja tu, upande wa pili uuache kama ulivyozoea, nao kwa muda wa wiki mbili au tatu. Watafiti wa ngozi hufanya vivyo hivyo, kwa sababu nusu mbili za uso mmoja zina jua moja, maji mamoja na chakula kimoja. Ipake punde baada ya kunawa, uso ukiwa na unyevunyevu, kiasi cha punje mbili za mbaazi. Usitoe hukumu dakika ya kupaka, maana kila krimu ni nzuri dakika hiyo. Tazama baada ya adhuhuri: upande upi unang'aa mafuta, upi umekaza, upi umetoka vijipele kwenye paji. Usianze jaribio pamoja na sabuni mpya au poda mpya, hutajua ni nani aliyefanya nini. Na ukianza wakati wa kaskazi, jua kwamba huenda matokeo yakabadilika kusi ikiingia na mvua za Aprili na Mei.

Jua halizuiwi na krimu ya kulainisha, iwe nyepesi au nzito, isipokuwa imeandikwa kiwango cha kinga cha SPF. Faza iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili. Vipimo vya miaka ya 1970 viliikadiria kuwa takriban SPF 13, dhidi ya 3 na kitu kwa ngozi nyeupe. Kinga hiyo hupunguza kuungua, ila haizuii madoa kukolea, na mchanga mkavu wa ufukweni hurudisha kama asilimia 15 ya miale hadi chini ya kofia. Kwa mwenye madoa ya mimba au alama za chunusi, losheni ya jua ya SPF 30 ina kazi kubwa kuliko krimu yoyote niliyoitaja.

Kuna chupa ambazo sitaki uzijaribu hata kwenye kiwiko. Ni zile zinazoahidi kung'arisha uso kwa siku chache. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, na Mkataba wa Minamata wa 2013 uliilenga zebaki ya vipodozi duniani kote, lakini bidhaa hizo bado hupenya, nyingine bila hata jina la kiwanda. Nyingine huwa na dawa kali za steroidi kama klobetasoli: uso hulainika na kung'aa haraka, kisha hukonda, hutoka chunusi na vinywele, na ukiacha huwaka. Krimu ya kulainisha haibadilishi rangi. Ikibadilisha, kuna kitu ndani ambacho hukuambiwa.

Angalia pia ilikokaa. Duka la mabati adhuhuri ni tanuri, na joto hutenganisha maji na mafuta. Krimu iliyojigawa au iliyobadilika harufu haifai tena, hata kama tarehe haijafika. Chupa ya kubonyeza au tyubu ni salama kuliko kopo la kuchovya vidole. Alama ya kopo lililofunguka yenye 6M au 12M hueleza miezi ya kutumia tangu kufungua.

Wanaosafiri nao wana lao. Binti aliyeizoea krimu yake hapa huenda nayo Doha au Maskati, akakaa kutwa kwenye kiyoyozi, na baada ya wiki huandika nyumbani kwamba krimu ni ya bandia. Krimu ni ileile. Hewa ya kiyoyozi ni kavu, glisarini haina unyevu wa kuvuta, na utando wake mwembamba hautoshi kuzuia maji yasitoke. Huko aendelee nayo mchana, na usiku apake juu yake mgando kidogo sana, hasa mashavuni na pembeni mwa mdomo. Akirudi Faza, mgando aurudishe visiginoni.