Gunia Likijaa, Hesabu Ikiruka: Somo la Kompyuta Kutoka Mashamba ya Chai

UKIPITA Litein au Mogogosiek, utakuta wakulima wamepanga foleni na magunia ya majani chai. Karani anapima, kilo zinaandikwa. Sasa jiulize: je, kompyuta inayotunza kilo za mama yako ikikosea kutoa?

Usicheke. Kosa kama hilo liliwahi kuingia kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi duniani.

Sehemu ya Linux inayoshughulikia mifumo ya faili ilikuwa na ‘gunia’ la baiti 4,096. Kabla ya kuongeza maandishi mapya, programu ilipiga hesabu hivi: 4,096, toa 2, toa zilizotumika. Kinachobaki ndiyo nafasi. Poa kabisa, mpaka zilizotumika zifike 4,095. Hapo jibu ni hasi 1.

Shida ni kwamba namba ya aina hiyo haijui hasi. Ni kama geji ya pikipiki iliyo kwenye sifuri tupu: ukiirudisha nyuma hatua moja, inaruka hadi tisa zote. Hasi 1 ikageuka kuwa 18,446,744,073,709,551,615. Programu ikaona gunia lina nafasi kibao, ikaendelea kumimina. Baiti zikamwagikia sehemu ya jirani kwenye kumbukumbu, na mdukuzi mjanja angeweza kutwaa mashine nzima.

Kosa hilo liliingia mwaka wa 2019 na toleo la 5.1. Lilikaa karibu miaka mitatu hadi Januari 2022, William Liu na wenzake, vijana wa mashindano ya udukuzi, walipoliripoti. Likapewa namba CVE-2022-0185.

Dawa yake? Mstari mmoja tu. Badala ya kutoa, jumlisha: zilizotumika, ongeza mpya, ongeza 2. Zikizidi 4,096, kataa. Kujumlisha hakushuki chini ya sifuri.

Kwa hivyo wewe unayesomea kompyuta Kabianga au Bomet, na unaota kuunda programu ya kuhesabu kilo za chai, usiijaribu kwa gunia la kawaida pekee. Jaribu gunia tupu. Jaribu lililojaa pomoni. Kisha ongeza jani moja.

Ukikosea hapo, hutaibiwa wewe. Ataibiwa mama aliyeamka alfajiri kuchuma.