Usumba: Uzi Utokao Kwenye Kumbi

Nazi ikishafuliwa kwenye kifuo, tui huenda chunguni na kumbi hubaki uani. Majoreni, kama kwingineko kwenye ufuo wa Kwale kati ya Shimoni na Vanga, kumbi likikauka huishia mekoni. Ni hasara, maana ndani yake mna usumba, uzi ulioshona vyombo vya Waswahili kwa karne nyingi. Mbao za mtepe, kimojawapo cha vyombo hivyo, hazikupigwa msumari wa chuma. Zilitobolewa, zikashonwa kwa kamba ya usumba, kwa kuwa kamba hiyo haiozi upesi katika maji ya chumvi.

Kutengeneza usumba ni kazi ya wanawake, na huanzia baharini. Kina mama wa Jambiani na Paje, mashariki ya Unguja, ndio waliosifika kwayo. Maji yakipwa, mwanamke huchimba shimo, huyapanga makumbi, huyafukia, kisha huweka mawe juu yasije yakachukuliwa na maji yajayo. Shimo lake analijua, na la jirani analijua pia. Makumbi hukaa humo miezi kadhaa, aghalabu nusu mwaka au zaidi, huku bakteria wakila ile gundi inayoshikanisha nyuzi. Akiwahi kufukua, nyuzi hazibanduki. Akichelewa mno, zinapoteza nguvu. Hakuna kipimo ila mkono wake.

Yakifukuliwa hunuka kama yai viza. Hupigwa kwa gongo mpaka uchafu wote utoke, na kazi hiyo hupendwa kufanywa kwa kikundi, mazungumzo yakienda sambamba na mapigo. Usumba huoshwa, ukaanikwa.

Kisha kusokota. Vitita viwili vidogo huviringishwa kwa viganja hadi viwe nyuzi mbili, nazo zikapindana. Kabla ncha haijaisha huongezwa usumba mwingine, kwa hiyo kamba hurefuka pasipo fundo hata moja. Kamba hizo zilifunga boriti za nyumba, zikawamba vitanda, zikashikilia ngalawa. Na pesa yake ilikuwa ya mwanamke mwenyewe, jambo ambalo wanaosifia ufundi huu husahau kulitaja.

Nailoni ilipofika, wanunuzi walipungua. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani, na wengi wakahamia huko. Kwale nako, wanawake wa Kibuyuni, karibu na Shimoni, wanalima mwani. Hawapaswi kulaumiwa: mwani huvunwa baada ya wiki chache, kumbi halina haraka hiyo.

Hata hivyo soko lingeweza kupatikana hapa hapa Kwale. Hoteli za Diani zimeezekwa makuti, na boriti zake zinahitaji kamba. Lakini mnunuzi akilipia urefu wa kamba tu, miezi ya kungoja baharini haihesabiwi, na binti wa Majoreni atakayechagua mwani atakuwa amepiga hesabu sawasawa.