Marubani na Wajumbe Waliowatuma

Wiki ya kwanza ya mwezi wa Novemba 2022 ilikuwa wiki ya marubani. Jumanne, tarehe 1, yalitangazwa matokeo ya kura ya marubani wa shirika la United la Marekani juu ya rasimu ya mkataba ambayo viongozi wa chama chao walikuwa wamekwisha kubaliana na mwajiri. Asilimia 94 ya waliopiga kura waliikataa. Siku ya pili yake halmashauri ya chama cha marubani wa shirika la American nayo ikaikataa rasimu iliyoletwa mbele yake, kwa kura 15 dhidi ya 5. Na Jumamosi, tarehe 5, marubani wa Kenya Airways wakaanza mgomo, ndege zikabaki zimeegeshwa Nairobi na maelfu ya abiria wakakwama.

Katika mambo hayo matatu, lililozungumzwa zaidi barazani kwetu lilikuwa la tatu, na si ajabu. Mtu anayeishi kwenye ardhi iliyozungukwa na maji hana barabara ya kumtoa. Ana chombo cha baharini na ana ndege, basi. Kikisimama kimoja, kingine huzidiwa siku hiyo hiyo; na mgonjwa wa kupelekwa hospitali kubwa ya bara, au dawa isiyoweza kukaa juani, haiwezi kungoja watu wamalize hoja zao. Ndiyo maana habari za Nairobi zilitushughulisha. Hata hivyo mgomo ule haukudumu. Marubani walidai warejeshewe michango ya mwajiri katika mfuko wao wa akiba na walipwe mishahara iliyozuiliwa wakati wa maradhi ya korona. Mahakama ikawaamuru warudi kazini ifikapo saa 12 asubuhi ya tarehe 9, bila ya masharti, nao wakarudi. Ulikuwa ni ugomvi wa mwajiri na mwajiriwa, wa aina tuliyokwisha kuizoea.

Yale mawili ya Marekani ni ya aina nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo yanayostahiki kuangaliwa zaidi na viongozi, wawe wa vyama vya wafanyakazi au wa serikali. Huko mfanyakazi hakumkatalia mwajiri peke yake. Alimkatalia mjumbe wake mwenyewe.

Ili msomaji aelewe kwa nini watu wazima wenye mishahara mikubwa walifikia hatua hiyo, hapana budi kwanza ajue jinsi kazi yao ilivyopangwa. Katika mashirika makubwa ya Marekani kila rubani ana nambari katika orodha ya utangulizi wa kazi, yaani aliyeajiriwa mwanzo yuko juu na wa mwisho yuko chini. Nambari hiyo ndiyo inayoamua atarusha ndege ya aina gani, atakaa kiti cha nahodha au cha msaidizi, ataanzia safari zake mji gani, na sikukuu atakuwa nyumbani kwake au hotelini. Akihamia shirika jingine, nambari yake haimfuati. Hata awe na miaka 20 ya kuongoza ndege, huko aendako ataanza mkiani kama kijana aliyetoka chuoni jana. Fundi seremala akiona mkataba haumridhishi huchukua randa yake akaenda kwa tajiri mwingine. Rubani hawezi. Amefungwa na shirika lake mpaka umri wa kustaafu, ambao kwa sheria ya nchi ile ni miaka 65, na kwa hiyo kila kifungu cha mkataba kinamgusa kama kifungu cha ndoa.

Malipo yake nayo hayahesabiwi kama ya karani. Hulipwa kwa saa, na saa huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka penye maegesho na kukoma inapoegeshwa tena. Muda anaokaa kiwanjani akingojea safari ya pili hauingii katika hesabu hiyo. Mkataba humwekea kiwango cha chini cha saa za kulipwa kwa mwezi, na humo humo ndimo zinamoandikwa kanuni za zamu: nani anaweza kuitwa siku yake ya mapumziko, kwa taarifa ya saa ngapi, na akikataa itakuwaje. Watu wa nje husikia asilimia ya mshahara tu. Wenyewe marubani, wanapogombana na viongozi wao, aghalabu hugombania kurasa za zamu.

Kisha kuna historia. Shirika la United lilitangaza kufilisika mwezi wa Desemba 2002, na chini ya ulinzi wa mahakama likaendelea kuruka huku likipunguza gharama. Mwaka 2003 marubani wake walikubali kukatwa kiasi cha theluthi ya mishahara. Mwaka 2005 mpango wao wa malipo ya uzeeni ukavunjwa na kukabidhiwa wakala wa serikali wa bima ya pensheni, ambao kwa sheria una kikomo cha kiasi unachoweza kumlipa mtu mmoja. Waliokuwa vijana katika mwaka ule ndio waliokuwa manahodha mwaka 2022. Walikwisha kuambiwa mara moja na viongozi wao kwamba hapakuwa na njia nyingine, wakaitikia. Na pengine ni kweli njia nyingine haikuwapo. Lakini mtu aliyeuza shamba wakati wa njaa huuliza maswali mengi mvua inaporudi.

Na mvua ilikwisha kurudi. Wakati wa maradhi ya mwaka 2020 mashirika yaliwashawishi marubani wengi wazee wastaafu mapema, yakidhani kwamba abiria watachukua miaka mingi kurudi. Walirudi upesi, na marubani hawakutosha. Tangu mwaka 2013 sheria ya Marekani imemtaka rubani anayeingia katika mashirika ya abiria awe na saa 1,500 za kuruka, isipokuwa wachache wanaosamehewa sehemu ya saa hizo kwa sababu ya mafunzo yao. Haiwezekani kumpata mtu kama huyo kwa muda wa msimu mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu kufilisika, upande wa wafanyakazi ulikaa mezani ukiwa na kitu ambacho mwajiri alikihitaji.

Katika hali hiyo ndipo, mwezi wa Mei 2022, viongozi wa marubani wa United walipokubaliana na shirika juu ya rasimu ya nyongeza ya zaidi ya asilimia 14 kwa muda wa miezi 18. Walikuwa wa mbele kati ya mashirika makubwa, na hoja yao ilikuwa na uzito. Mkataba wa zamani ulikuwa wazi kwa marekebisho tangu mwanzoni mwa 2019. Wenzao walikuwa wamekaa zaidi ya miaka mitatu bila mkataba mpya. Uchumi wa dunia ulikuwa haueleweki, vita vimeanza Ulaya, bei ya mafuta imepanda. Kiongozi anayeyaona hayo akasema tuchukue kilichopo mkononi, kisha turudi mezani baada ya muda mfupi, huyo hastahiki kuitwa msaliti, na wale waliomwita hivyo walikosa adabu.

Upande wa pili ulijibu kwamba haraka hiyo ilikuwa ya mwajiri na wala si yao. Walisema kanuni za zamu hazikurekebishwa vya kutosha, na kwamba atakayetia sahihi mwanzo ndiye atakayekuwa ngazi ya kupandia wengine. Haukupita muda, shirika la American likatangaza hadharani kwamba liko tayari kuwapa marubani wake karibu asilimia 17. Kwa tangazo hilo moja hoja ya viongozi wa United ilipwaya, na mapema mwezi wa Julai chama na shirika vikasema vitarudi mezani. Lakini imani ilikwisha ondoka. Kura iliposomwa mwezi wa Novemba ilikuwa ile asilimia 94.

Kosa la wajumbe, kama nionavyo, halikuwa katika idadi ya asilimia. Kosa lilikuwa kuipima bahari kutoka ndani ya chumba. Mjumbe akikaa miezi na mwajiri, kila siku akisikiliza matatizo ya mwajiri, mwisho huyaona makubwa kuliko matatizo ya waliomtuma, wala si kwa sababu amehongwa, bali kwa sababu ndiyo anayoyasikia. Wahenga wamesema asiyekuwapo na lake halipo. Wanachama hawakuwapo chumbani. Lililokuwa lao likapungua siku hadi siku bila mtu kukusudia.

Pana watakaosoma habari hizi wakafurahi na kusema, basi wanachama daima wanajua kuliko viongozi. Nawaomba wavuke bahari nyingine wafike Australia, mwaka 1989. Huko chama cha marubani kilidai nyongeza ya asilimia 29.47, wakati ambapo serikali na shirikisho la vyama vya wafanyakazi walikwisha patana kwamba nyongeza za nchi nzima ziwe ndogo kuliko hizo kwa mbali. Waziri Mkuu wa wakati ule, Bob Hawke, alikuwa mwenyewe amepata kuwa rais wa shirikisho hilo, kwa hiyo aliijua lugha ya migomo kuliko wagomaji. Mwezi wa Agosti marubani walianza kuruka kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni tu. Mashirika yalipowafungulia mashtaka, chama kiliwashauri wajiuzulu wote pamoja ili wasishtakiwe mmoja mmoja, na tarehe 24 Agosti zaidi ya marubani 1,600 wakafanya hivyo. Umoja ulikuwa karibu kamili. Lakini mtu aliyejiuzulu hana tena kazi ya kugomea. Serikali ilitoa ndege za jeshi na kuruhusu za kigeni zichukue abiria, mashirika yakaanza kuajiri upya kwa mikataba ya mtu mmoja mmoja, na mahakama ikakitia chama hatiani kwa hasara iliyotokea. Wengi katika marubani wale hawakurudi tena katika mashirika yao. Baadhi walikwenda kutafuta riziki Asia na Ghuba.

Ndugu zetu wa kisiwa cha Tasmania, kilicho kusini mwa bara lile, waliumia katika miezi hiyo kwa namna ambayo msomaji wa Unguja au Pemba hahitaji kuelezwa. Meli ya abiria ya kuwavusha mpaka Melbourne ilikuwa moja.

Kwa hiyo kuwafuata viongozi kwa pamoja si dawa, wala kuwakataa kwa pamoja si dawa. Tofauti iliyopo kati ya Australia na Marekani ni kwamba marubani wa United, kwa kura yao, hawakuvunja kitu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1926, ambayo tangu 1936 inahusu pia mashirika ya ndege, haimruhusu rubani kugoma mpaka bodi ya usuluhishi imwachilie na siku 30 zaidi zipite. Mkataba wa zamani nao hauishi. Unaendelea kufanya kazi mpaka upatikane mpya. Ndege ziliendelea kuruka. Marubani waliandamana na bango mkononi siku zao za mapumziko, wakiwa ndani ya sare, wakarudi kazini kesho yake. Na wajumbe waliporudi mezani waliweza kumwambia mwajiri neno moja ambalo zamani hawakuwa nalo: sisi tungekubali, lakini waliotutuma wamekataa, na idadi yao ni hii.

Neno hilo lilikuwa na thamani, na thamani yake ilionekana. Marubani wa Delta, ambao asilimia 99 ya waliopiga kura walikuwa wameidhinisha mgomo mwishoni mwa Oktoba 2022, walipitisha mkataba wao tarehe 1 Machi 2023, kwa asilimia 78, na nyongeza ikapita asilimia 30 kwa muda wa mkataba. American walifuata mwezi wa Agosti. United walipitisha wao mwishoni mwa Septemba 2023 kwa asilimia 82, mkataba wa miaka minne wenye nyongeza ifikayo hadi asilimia 40, ambao chama kiliukadiria kuwa na thamani ya dola bilioni 10.2. Hakuna shirika hata moja katika hayo matatu lililosimama kwa mgomo.

Nayaelekeza yaliyobaki kwa watumishi wa serikali, kwa sababu wao hukaa kwenye meza hizi kama mwajiri na pengine kama msuluhishi. Mwenye dhamana hupenda mkataba utiwe sahihi upesi, picha ipigwe, habari itoke gazetini. Namfahamu mtu wa namna hiyo, na kazi yake ni ngumu. Lakini kabla ya hafla na amwulize mjumbe wa wafanyakazi maswali mawili: waliokutuma wameisoma rasimu hii? Na wameisoma kwa lugha gani? Mikataba yetu mingi huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ikasainiwa kwa niaba ya wapakizi wa mizigo, mabaharia na wahudumu wa viwanja vya ndege ambao wangeweza kuijadili vizuri kabisa kwa Kiswahili. Kuitafsiri rasimu yote, kuibandika ukutani mahali pa kazi, na kuiacha hapo kwa wiki mbili kabla ya kura hakugharimu zaidi ya karatasi na gundi.