Farasi wa Mbio Akipunguza Kasi, Apimwe Mapafu Kwanza

Farasi wa mbio anapoanza kubaki nyuma, wengi husema ni mvivu au amechoka. Mara nyingi shida huwa kwenye pumzi. Wakazi wanaofuga farasi, pamoja na masaisi wanaowaandaa kwa mbio za uwanja wa Ngong, wanahimizwa kufahamu jinsi magonjwa ya njia ya hewa yanavyotambuliwa.

Uchunguzi huanzia bandani. Farasi mzima aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika. Hesabu kwa kutazama ubavu wake unavyopanda na kushuka. Joto la mwili huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Lipime kila asubuhi kabla ya mazoezi na uliandike. Likizidi hapo, mpumzishe, mtenge na wenzake, asishiriki ndoo za maji, kisha umwite daktari wa mifugo.

Tazama pia pua. Makamasi yakitoka tundu moja tu, huenda tatizo liko kichwani, kama vile jino lililooza. Yakitoka matundu yote mawili, huenda yanatoka mapafuni. Usaha mzito pamoja na uvimbe chini ya taya ni dalili ya ugonjwa wa kuambukiza.

Hata hivyo, farasi anaweza kuonekana mzima akiwa bandani ilhali mapafu yana hitilafu. Wengine hawakohoi kabisa. Wengi wanaovuja damu mapafuni wakikimbia hawaonyeshi hata tone puani. Ndiyo maana daktari huingiza endoskopu, yaani mrija mwembamba wenye kamera, kupitia puani hadi kwenye bomba la pumzi. Kwa kutafuta damu, kipimo hiki hufanywa dakika 30 hadi 90 baada ya mbio. Daktari pia huweza kuingiza maji maalumu ya chumvi mapafuni, kuyavuta tena na kuyapeleka maabara. Chembe zilizomo husaidia kutofautisha madhara ya vumbi la nyasi kavu na maambukizi ya viini.

Usimpe farasi antibiotiki kwa kubahatisha. Dawa ikitangulia sampuli, maabara inaweza kushindwa kupata kiini cha ugonjwa, na vumbi halitibiwi kwa antibiotiki.

Kuna hali isiyosubiri. Farasi akipata homa kali, akahema kwa shida na kutoa povu jingi puani, huenda ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Virusi vyake huenezwa na usubi, hasa baada ya mvua, na farasi anaweza kufa ndani ya saa chache. Sampuli ya damu huthibitisha ugonjwa huu, na chanjo ipo.

Ukiona dalili hizo, toa taarifa mara moja kwa afisa wa mifugo aliye karibu nawe. Farasi asiye na pumzi hahitaji kiboko, anahitaji daktari.