Kosa la Padri Mersenne

Namba yenyewe ni hii: 147.573.952.589.676.412.927. Andika 2 mara 67, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1: utaifikia. Je, inagawanyika?

Namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 7 au 31, huitwa namba tasa. Padri Marin Mersenne, mtawa wa shirika la Waminimi huko Paris, alizitafuta sana zile zinazotoka kwa 2 namna hiyo. Katika mwaka 1644 alipiga chapa orodha yake: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127, 257. Alisema kwamba hizo tu, mpaka kufika 257, zinazaa namba tasa. Lakini zile kubwa alizipimaje? Hakueleza, na watu walipokea.

Jambo hili si rahisi. 11 ni tasa, lakini andika 2 mara 11, uzidishe, utoe 1: unapata 2.047, nayo ni 23 mara 89.

Katika mwaka 1876 Mfaransa Edouard Lucas alionyesha kwamba namba ya 67 inagawanyika, bila kupata hata kigawanyo kimoja! Hapo mafratri hunikatiza kila mara: «Padri, tutajuaje kwamba kitu kina vipande bila kuviona?» Basi tazameni njia yake, ginsi Derrick Lehmer alivyoinyosha katika 1930. Tupime 31, inayotoka kwa 2 mara 5. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: 14. Tena vilevile: 194, ukigawanya kwa 31 inabaki 8. Tena: 62; ukigawanya inabaki 0. Tumefanya mara tatu, yaani 5 kutoa 2. Ikibaki 0 mwishoni, namba ni tasa. Isipobaki 0, inagawanyika. Kwa 67 kazi ni mara 65, na mwisho haibaki 0. Namba imekubali kosa lake, lakini wenziwe haiwataji.

Waliotajwa ndio kazi ya Frank Nelson Cole, Mwamerika. Katika mwezi wa Oktoba 1903, mbele ya wenye elimu ya hesabu huko New York, alikwenda ubaoni bila kusema neno. Aliihesabu ile namba ya tarakimu 21. Halafu, pembeni, alizidisha 193.707.721 kwa 761.838.257.287. Majibu yakawa sawasawa. Akarudi kukaa, watu wakapiga makofi. Inasimuliwa kwamba kazi hiyo ilimla siku za Mungu za miaka mitatu. Na bado alikuwa na msaada: kila kigawanyo cha namba hii, ukikitoa 1, lazima kigawanyike kwa 134.

Hata 257 ilikuwa kosa, na Padri alisahau 61, 89 na 107.

Mwenye karatasi pana azidishe mwenyewe zile namba mbili za Cole. Mimi mara ya kwanza nilikosa.